Uzoefu wangu: jinsi maumivu yalivyopimwa na kutulizwa kabla sijafika hospitalini

Nilianguka kutoka kwenye ngazi nikavunjika mfupa wa muundi, na gari la wagonjwa lilipofika nilikuwa nimelala ubavu, nimeng'ang'ania paja kwa mikono miwili. Mhudumu alipiga goti na, kabla ya kuugusa mguu, akaniomba niyapime maumivu kwa namba, sifuri ikiwa hakuna maumivu kabisa na 10 ikiwa makali kupita yote ninayoweza kuyafikiria. Nikasema 8, japo nusu yake ilikuwa kubahatisha, maana sikuwahi kuvunjika mfupa na niliogopa kuonekana ninadeka. Hakubishana nami. Aliuliza tu, "Na ukiusogeza je?" Sikuthubutu kuusogeza; nikajibu 10, naye akaziandika namba zote mbili kwenye glavu yake.

Swali hilo la pili ndilo ninalolisifu kuliko yote, kwa kuwa aliyevunjika mfupa huweza kutulia akiwa amelala, kisha akapiga mayowe mara tu anapoinuliwa kuwekwa kwenye machela. Aliniuliza uzito wangu na dawa zinazonidhuru, akanibana kidoleni kipimo cha oksijeni, kwani dawa kali za kutuliza maumivu zaweza kupunguza kasi ya kupumua, halafu akanipulizia mojawapo, fentanili, puani, nusu kila tundu, bila kuhangaika kwanza kutafuta mshipa. Ladha chungu ilinishukia kooni.

Kasoro ilikuwa moja, na ndiyo inayoninyima kutoa nyota ya tano. Mwenzake alikuwa na haraka. Aliunyoosha mguu na kuufunga gango kabla dawa haijakolea, wala hakuna aliyeniuliza namba wakati huo. Najua gango lenyewe hupunguza maumivu, kwa sababu ncha za mfupa hazisuguani tena, lakini kulifunga kunauma vibaya, na kusubiri dakika chache kusingemdhuru mtu ambaye vidole vyake vya mguu vilikuwa na joto na bado vinahisi kuguswa.

Njiani niliulizwa tena mara tatu: 6, kisha 4, kisha 3. Hospitalini yule wa kwanza alimsomea muuguzi kipimo cha dawa, saa aliyonipa na namba zangu zote, ikiwemo ile ya kusogeza mguu, na muuguzi akaniongezea dawa kabla ya kunipeleka kupigwa picha.