IRM kwa mwenye figo ya kupandikizwa: kituo cha picha cha hapa Lubumbashi

Mdogo wangu anaishi na figo ya mama yetu, aliyopandikizwa India. Alipoanza kuumwa kichwa na maneno kumpotea mdomoni, dispensari moja ya Katuba ilimpa dawa ya malaria tu. Kituo cha picha tulichoelekezwa baadaye kwa IRM (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), mjini kati, ndicho ninachokisifu hapa.

Kabla hatujalipa, mama wa mapokezi aliuliza: "Yaya, huyu anakunywaka dawa gani kila siku?" Nikataja takrolimusi na mikofenolati. Akaweka kalamu chini, akaenda kumwita daktari wa picha. Watu hawa wanajua kazi! Dawa hizo huzuia mwili usiikatae figo, ila huwalaza usingizi walinzi wa mwili wanaokibana kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu watu wazima wote tunacho. Kikipata nafasi kinaweza kuleta limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, inayoweza kufanya uvimbe hata ndani ya ubongo. Lakini uvimbe wa namna hiyo unaweza pia kuwa toksoplasma (maambukizi ya kimelea) au kifua kikuu, na picha peke yake haikati shauri.

Walidai kipimo kipya cha kreatinini (cha damu, kinachoonyesha kazi ya figo) kabla ya kumdunga gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Tulichelewa, lakini walitaka kuhakikisha figo ya mama inaweza kuitoa dawa hiyo mwilini.

Daktari alituonyesha picha zenyewe, akaeleza polepole, mama akauliza maswali yake yote. Kisha akampigia simu daktari wetu wa figo, nikimsikia: kama hali si ya hatari, asianze deksametazoni (dawa kali ya kutuliza uvimbe) kabla ya kuchukua kipande cha uvimbe, maana dawa hiyo inaweza kuinyausha limfoma na maabara wakakosa cha kuona. Kwa neno hilo, dolari tulizolipa siziombolezi. Kipande kilichukuliwa nje ya nchi: limfoma kweli. Daktari wake akapunguza dawa za figo kwa uangalizi (usithubutu kuziacha mwenyewe, figo inaweza kukataliwa), akamwanzishia rituksimabu, dawa ya kupiga limfoma. Figo ingali inafanya kazi.

Bei ni kali, na hawakubali kulipwa kidogo kidogo. Kwa familia nyingi za hapa huo ni mlango uliofungwa. Umeme ukikatika mnangoja. Mkienda, ombeni CD yenye picha zote, kwa sababu hospitali ya nje haikutosheka na karatasi ya ripoti.