Soksi za Persephone: uzoefu wangu wa kufuma kwa mchoro wa kununua

Mwezi Mei, masika yakielekea ukingoni na baridi ya Moshi ikianza kubisha hodi, nilinunua kwa shilingi 15,000 mchoro wa kufumia soksi ndefu zenye nakshi za kisa cha Persephone, binti wa Demeter, mungu wa mavuno wa Wagiriki, aliyenyakuliwa na Hades akapelekwa kuzimu. Kilichonivutia ni jinsi mbunifu alivyoufuata utenzi wa kale wa kumsifu Demeter, ambamo binti huyo, kwa kuwa alikwisha kula punje ya komamanga, hulazimika kukaa kuzimu theluthi moja ya kila mwaka na zilizobaki kwa mama yake. Soksi ina mikanda 12, mmoja kwa kila mwezi: minne, ya wakati binti yuko kuzimu na shamba limelala, ni ya rangi ya giza, haina jani hata moja, na minane imejaa masuke na maua, kisiginoni imewekwa punje moja nyekundu.

Maelezo, hata hivyo, yana kasoro kubwa. Yanataka vitanzi 64 kwa sindano za milimita 2.25, bila neno lolote kuhusu uzi unaopita nyuma ya kazi pale rangi yake inapopumzika. Nimefuma masweta ya shule kwa miaka mingi, na bado niliuvuta mno; soksi ya kwanza ikakataa kupita kisigino cha mama mkwe wangu wa Marangu, ambaye alicheka akaniuliza kama nimemfumia mjukuu. Niliifumua yote. Mara ya pili nilishika sindano za milimita 2.5, nikaigeuza kazi ili uzi wa nyuma uzunguke upande wa nje, ambako njia ni ndefu kidogo, nikawa naunasa kila baada ya vitanzi vitano. Ikaingia bila kulazimishwa.

Uzi wa akriliki umejaa madukani, lakini mguu hutoka jasho ndani yake, hivyo niliagiza Nairobi sufu iliyochanganywa na nailoni. Muuzaji wa mchoro nilimwandikia kuhusu kasoro hiyo. Alijibu baada ya wiki tatu, kwa sentensi moja. Anayeanza kufuma asiununue kwanza.

Mama mkwe alizivaa Julai, akataka kujua ni nchi gani hiyo ambayo shamba hulala miezi minne, kwa maana kihambani kwake migomba haijui likizo. Ameagiza jozi nyingine, ila bila ile mikanda ya giza.