Vidonge vya chai ya kijani vya kupunguza mwili: uzoefu wangu

Mimi ni mnene kwa maana ya hospitali: nilipoanza vidonge hivi BMI yangu (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ilikuwa juu ya 35, na daktari alishanionya kuhusu presha na magoti. Nawaandikia wenye mwili kama wangu, si anayetaka kupungua kilo mbili kabla ya harusi.

Nilivinunua duka la dawa, Kariakoo. Ni dondoo la majani ya chai ya kijani, lenye antioksidanti iitwayo EGCG. Dada wa dukani alisema vinachoma mafuta, nimeze asubuhi kabla sijala chochote. Habari ya kuchoma mafuta ina msingi wake: EGCG inadhaniwa kuifanya noradrenalini, homoni inayouchangamsha mwili, ikawie kuvunjwa, kafeini nayo huongezea, na mwili ukatumia nguvu zaidi kidogo. Swali ni hicho kidogo ni kiasi gani.

Sikubadilisha chakula, makusudi, ili nikijue kidonge chenyewe. Mizani ilishuka mwanzoni kisha ikagoma, na futi ya fundi cherehani kiunoni haikusogea kabisa. Nilichokiona wazi ni kafeini: moyo kwenda mbio, usingizi kuruka, chooni kila mara. Naamini kilichopungua kilikuwa maji. Mwaka 2012 Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walichapisha mapitio ya majaribio ya chai ya kijani kwa watu wenye uzito uliozidi. Katika tafiti sita zilizofanyika nje ya Japani, waliotumia chai hiyo waliwazidi wenzao kupungua kwa wastani wa kilo 0.04. Hizo ni gramu 40, hazifikii hata uzito wa yai la kuku!

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ini. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba EGCG ya vidonge ikifika miligramu 800 kwa siku au zaidi, vimeng'enya vya ini huweza kupanda, dalili kwamba ini linaumia. Tena ukimeza na njaa, EGCG nyingi zaidi huingia kwenye damu. Kwa hiyo ushauri niliopewa dukani ulikuwa wa hatari, na wanawake wengi wanapewa huohuo kila siku. Chupa yangu iliandikwa "dondoo miligramu 500" tu, bila kusema ndani yake EGCG ni ngapi. Nilipima ini kabla na baada. Majibu yalikuwa mazuri, alhamdulillahi. Lakini sisi wanene wengi wetu tuna mafuta kwenye ini tayari.

Basi umeze na chakula? Unalipunguzia ini hatari, ila chai huzuia madini ya chuma ya maharage na mchicha yasifyonzwe vizuri. Kwa mwanamke mwenye hedhi nzito au upungufu wa damu, hilo si dogo.

Kwa kupunguza mwili sivipendekezi, na bei yake inauma. Chai yenyewe ya kijani, ya kikombe, bado nakunywa kwa raha. Kama umeshanunua vidonge na unavimeza, ukiona mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, macho ya njano, kichefuchefu au mwili kuwasha, acha siku hiyohiyo uende kupima ini, na chupa uibebe mkononi daktari aisome.