Unanunua feni ya rejeta? Angalia soketi kwanza

Meseji ninazopata msimu huu wa joto zinafanana mno. Toyota IST au Premio, feni imebadilishwa juzi tu, inazunguka vizuri, lakini kwenye foleni ya Mbagala gari linachemsha. Fundi ameshaanza kutaja gasketi ya silinda hedi. Jamani, kabla injini haijafunguliwa, fungua boneti uangalie waya za feni zimeungwaje: kwa soketi yake, ile plagi ya plastiki inayochomekwa, au kwa kusokotwa.

Ukiwa kasi barabarani, upepo wenyewe unapoza rejeta. Feni kazi yake ni foleni. Maji yakikaribia nyuzi 95, sensa inapeleka taarifa, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) inabana, umeme wa betri unaingia kwenye mota. Mota hiyo inakula umeme mwingi, ampea 15 si ajabu. Sasa chukua feni iliyokatwa soketi, waya zake mbili zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Kiungo hicho kikimeza volti moja na nusu tu, wati zaidi ya 20 zinageuka joto papo hapo, tepu inayeyuka, na feni inazunguka kivivu. Kwa macho utasema nzima. Upepo hautoshi.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Denso ya mtumba kutoka Japani, iliyotoka kwenye gari kama lako ikiwa na kava lake (fremu inayozunguka panga) na soketi ambayo haijakatwa. Denso sifichi kwamba naipenda. Ni kampuni ya vifaa vya magari iliyotoka ndani ya Toyota mwaka 1949, na Toyota nyingi tunazoendesha zilizaliwa na mota zake. Shika panga ulitikise: likicheza, bushi imekwisha, achana nayo. Chungulia ndani ya soketi. Pini ziwe zinang'aa, plastiki isiwe na rangi ya kuungua. Na usiliache kava dukani, maana bila kava feni inavuta hewa ya pembeni yake badala ya kuipitisha kwenye rejeta nzima.

Ya pili ni mpya kabisa ya Toyota yenyewe. Ubora hauna mjadala, bei ndiyo inayoumiza.

Mpya za bei nafuu zisizo na jina, nunua ukibanwa, na ziwe na soketi inayoingia bila kulazimishwa. Zile za kufunga gari lolote, zinazoshikizwa kwa kamba za plastiki zilizopenyezwa kwenye mapezi ya rejeta, mimi sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Feni inashuka kwenye kontena ikiwa na soketi yake, wanaikata, wanakuuzia feni, kisha ukirudi kutafuta soketi unauziwa kama kifaa kingine! Ukilalamika, wanagusisha waya kwenye betri ya mezani, panga linazunguka, "si unaona nzima, dada?" Betri ya mezani haina foleni. Na wakigeuza waya hizo mbili, feni itazunguka kinyume na kupambana na upepo unaoingia mbele, fundi asiye makini asijue.

Spea za umeme hazirudishwi, tunaambiwa kila siku. Basi muuzaji na ajaribu feni ikiwa imechomekwa kwenye gari lako, injini ikiwaka na AC ikiwa imewashwa, dakika kumi, kisha gusa soketi. Ikiwa ya moto hadi mkono unaruka, usilipe. Na kama waya zimekatwa, bei ya soketi itolewe kwenye bei ya feni.