Blake Archive: walimu wa fasihi ya Kiingereza mnaikosaje hii?

Wadau, hasa nyie mnaofundisha kidato cha tano na sita hapa Dar, kuna kitu kinaitwa William Blake Archive, hifadhi ya kazi za William Blake, mshairi na mchoraji Mwingereza, kipo mtandaoni bure kabisa, hujisajili, hulipii, unafungua unaanza kuangalia. Mimi nakipa nyota tano.

Blake wengi tunamjua kwa lile shairi la chui milia, ila vitabu vyetu vinampa mwanafunzi maneno matupu, wakati jamaa kazi yake ilikuwa kuchonga michoro kwenye shaba, alianza kujifunza kwa fundi London 1772 akiwa na miaka 14. Mashairi yake aliyatoa pamoja na picha, ukurasa huohuo. Anachukua bamba la shaba, anaandika kinyumenyume na kuchora kwa dawa isiyoliwa na asidi, asidi inakula kwingine kote, maneno na picha vinabaki vimeinuka, anapaka wino anachapa, halafu yeye na mkewe Catherine wanatia rangi za maji kwa mkono. Ndo maana kila nakala ina sura yake, na nyingi zimelala maktaba za Uingereza na Marekani, uzifuate na viza mkononi.

Hapa unachagua ukurasa mmoja na nakala zake tofauti zinakuja pamoja ulinganishe. Nilifungua The Little Black Boy ya 1789, mtoto Mwafrika na mtoto wa Kizungu wako mbele ya Yesu aliyekaa kama mchungaji, kondoo nyuma. Kuna nakala yule mtoto wetu kapakwa weusi, kuna nyingine kapakwa rangi ileile ya mwenzake! Shairi halijabadilika hata neno, picha ndo imegeuza maana. Nikawarushia wanafunzi kwenye projekta, darasa likawaka, mmoja anasema mbinguni hakuna rangi, mwingine anauliza sasa mbona ageuzwe yeye tu? Kwenye noti za kukariri hilo swali hulipati.

Na waliojenga siyo watu wa kubahatisha. Ilianza 1996, wahariri walioianzisha ni maprofesa wa Kiingereza wa Marekani, Morris Eaves, Robert Essick na Joseph Viscomi. Huyu Viscomi wa North Carolina ndo namkubali sana, hakuishia kusoma, alishika mabamba na wino akachapa kwa njia ya Blake, na kitabu chake cha 1993 kikaonyesha kwamba Blake alikuwa anachapa nakala kadhaa kwa mpigo, siyo moja moja kila mteja akija. Profesa wa mashairi anayejua kazi ya mkono ya mshairi wake, mimi huo ndo usomi ninaouheshimu.

(Natamani sana mtu amfanyie hivi Edward Tingatinga, aliyechora hapahapa Dar kwa rangi ya baiskeli mpaka alipofariki 1972, kazi zake zote zikae sehemu moja, kila mtoto azione bure.)

Ushauri tu: tumia laptopu, maana utamu uko kwenye kukuza picha na kioo cha simu hakitoshi, pia maelezo ni ya kisomi, mwalimu uyapitie kwanza mwenyewe. Anzeni na mkusanyiko wake wa mashairi, Songs of Innocence and of Experience, lile shairi lake refu Jerusalem liacheni kwanza, lina kurasa 100 na hata wabobezi bado wanabishana nalo.