Fundi alisema gesi imeisha, kumbe ni kitundu tu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Huduma hii ya mafundi wa friji nilishaipa nyota moja, nikaifuta, nikairudisha.

Tatizo lilianza taratibu. Asubuhi unakuta maji chini ya droo za mboga, unafuta, kesho yapo tena. Baadaye yakawa yanatoka hadi sakafuni. Kwa wiki kadhaa nilimgombeza mwanangu, maana ndiye anayefungua friji kila dakika na chupa ya maji mkononi. Akaapa si yeye. Sikumwamini. Wakati huohuo, kule juu kwenye friza, chini kulikuwa kumeota barafu nene kama kidole gumba, imenasa mifuko yote. Na hii ni friji ambayo haitakiwi kabisa kuota barafu!

Nikawaita mafundi wa walioniuzia. Kijana akaja amechelewa (hilo nimemsamehe), akafungua mlango wa chini, akatazama maji, akamtazama mwanangu, akaniuliza: "Mama, huyu mtoto si ndiye anayemwaga?" Mimi kumshuku mwanangu ni haki yangu. Mtu baki kumshuku, hapana.

Nikamwonyesha ile barafu. Akachomoa bisibisi bapa, akaanza kuigonga: kok, kok, kok. Nikamwambia, fundi, taratibu, utatoboa. "Mama, kazi hii niachie mimi, wewe hujui friji." Haikupita hata robo saa, hukumu ikatoka: gesi imeisha, ibebwe karakana. Jamani! Gesi iishe halafu friza igandishe mpaka nyama inakuwa jiwe? Gesi ikipungua, ubaridi ndio unaoondoka kwanza. Hata mimi nisiyejua friji hilo nalijua. Nikampa nauli yake, nikamfungulia mlango.

Hujui friji. Maneno hayo nililala nayo na nikaamka nayo, na nadhani ndiyo yaliyonishikisha bisibisi.

Kesho yake nikachomoa plagi, nikahamisha vyakula, nikafungua skrubu za bamba la nyuma mle ndani ya friza. Nyuma yake ndiko ziliko koili zinazoleta ubaridi. Huota utando wa barafu, na kila baada ya saa kadhaa hita iliyo chini yake huwaka yenyewe na kuuyeyusha. Maji yanafuata kijifereji, yanaingia kwenye kitundu, yanashuka na mrija hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi, na joto la kompresa linayakausha. Ndiyo maana friji za namna hii humwagi maji yake. Sasa kitundu changu kilikuwa hata hakionekani. Kijifereji kizima kimejaa barafu, na maji yakikosa pa kupita yanakwenda yanakotaka, kwangu yakachagua droo za mboga.

Sikugonga. Zile koili ni bomba jembamba. Bisibisi ikiteleza ukalitoboa, hapo ndipo gesi inapoisha kweli. Tena yangu imeandikwa R600a, gesi inayoshika moto. Kila nikiikumbuka ile kok kok, damu inachemka upya.

Nilitafuta bomba kubwa la sindano, bila sindano yake, nikavuta maji ya moto yasiyochemka, nikayaelekeza palepale. Navuta, nasukuma, nakausha yaliyopoa kwa kitambaa, navuta tena. Asubuhi karibu yote iliishia hapo, magoti yananiuma. Kitundu kikajitokeza, kidogo hivi kwamba hata kidole cha mwisho hakiingii. Kwanza kikatoka kipande cha barafu chenye umbo la mrija, halafu ute mweusi unaonuka, halafu kijipande cha nailoni kilichojikunja, labda cha mfuko niliouchana mwenyewe siku nyingi nyuma. Nikasukuma maji tena. Kimya. Mara gurugurugu, na nyuma ya friji nikasikia maji yanadondoka kwenye trei. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Kabla ya kurudisha bamba nikachukua waya mnene wa shaba uliomenywa, nikauzungushia kwenye hita, ncha yake nikaiacha ining'inie ndani ya kitundu, ili hita ikiwaka joto lishuke nao.

Haya, nyota. Friji nilitaka kuipa nne, maana kugandisha inagandisha kama imetumwa. Halafu nikawaza, nani kabuni dude kubwa hivi litegemee kitundu kimoja, tena kilichofichwa nyuma ya skrubu? Mbili. Lakini nyama yangu haijawahi kuharibika hata siku moja. Basi tatu. Na yule kijana huenda ndivyo alivyofundishwa, kila friji gesi, gesi, gesi. Mtu hulaumiwi kwa usichofundishwa, nimpandishie iwe mbili. Hapana. Kumsingizia mtoto hakufundishwi na mtu. Ibaki moja.

Juzi mwanangu kafungua friji achukue maji, akasimama. Chini ya droo kulikuwa na tone moja.

"Mama," akasema kabla sijafungua mdomo, "si mimi."