Maturubai, viti na vipaza sauti vya kukodi kwa kanisa changa, Pasua, Moshi

Kanisa jipya lisilo na kiwanja wala jengo hutegemea sana vitu vya kukodi, na kwa kanisa letu changa la hapa Pasua, duka hili limekuwa msaada wa kweli. Vijana wake hufika Jumamosi jioni, hufunga kamba za turubai kwa uangalifu unaostahimili hata mvua za masika, kisha huhesabu viti pamoja na mzee wa kanisa kabla ya kuondoka. Sauti ni safi. Mahubiri husikika hadi safu ya nyuma bila kuwakera majirani, jambo ambalo, kwa waumini wanaotafuta kukubalika mtaani, lina uzito kuliko ukubwa wa spika.

Bei ni ya wastani, ila malipo ya kila wiki hula sadaka ambayo tungeiwekea akiba ya kiwanja, huku maombi ya usajili kwa Msajili wa Jumuiya, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nayo yakihitaji gharama. Jenereta lao ni dhaifu: umeme ukikatika kinanda hunyamaza, na waumini, kwa furaha yangu kubwa, huimba kwa nguvu zaidi. Ningewaomba waanzishe mkataba wa mwezi kwa makanisa machanga.